Vitabu Ndani ya Gunia

Asubuhi kwa Mama Vifungo huanza na mlio wa cherehani. Yeye ni fundi wa nguo. Amekaa barazani na cherehani yake miaka kumi na minne, na mbele yake kuna kopo lililojaa vifungo vya kila rangi. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita hivyo. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye cheti tu.

Mumewe hutengeneza baiskeli upande wa pili wa baraza hiyohiyo. Wana mtoto mmoja, binti wa darasa la sita. Akianza kusema hana breki, kwa hiyo wanamwita Kasuku.

Nyumba ya mkono wa kulia anaishi Muuguzi. Anafanya kazi hospitali, leo zamu ya mchana, kesho ya asubuhi. Naye ana binti wa darasa la sita. Huyo ukimwuliza swali atakujibu kwa kichwa, na wanamwita Kimya. Watoto hawa wamekua pamoja. Muuguzi akiwa kazini, Kimya hula kwa Mama Vifungo. Mama Vifungo akizidiwa na nguo za watu, Kasuku hula kwa Muuguzi. Nyumba moja huenda kanisani, ya pili huenda msikitini. Kwa miaka kumi na mmoja hilo halikuwa neno kati yao.

Basi mwaka ule shule ikapata maktaba. Lilikuwa darasa la zamani lililotunza madawati mabovu. Wazazi walilifagia, wakapiga rangi, wakatundika rafu. Vitabu vililetwa na watu wa kila aina: wenye maduka, makanisa, misikiti, watu waliokuwa wanahama. Kwa mwezi mzima vilipangwa ovyo, na watoto wakasoma walichokiona.

Vingi vilikuwa vimechanika. Wazazi wakamchagua Mama Vifungo aingie kwenye kamati ya maktaba, kwa sababu alikuwa na sindano nene na uzi mgumu wa bluu. Kitabu kikipita mikononi mwake, kurasa haziachii tena. Kamati ilikuwa na watu watano, wote wa kanisa moja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na hakuna aliyeliona hilo.

Mwalimu mkuu aliwapa agizo fupi. Maktaba ni ya hadithi. Vitabu vya mafundisho ya dini viende kwa walimu wa dini. Agizo lilikuwa zuri. Kamati ikapanga kuchambua vitabu siku ya Jumamosi.

Jumamosi ilipofika, wanne walituma udhuru. "Chagua tu, mama, tunakuamini," walisema. Mama Vifungo akaenda na Kasuku, akachagua peke yake.

Alichaguaje? Mtu wa nguo hutazama nguo. Akiona kwenye jalada mtu wa kanzu na kofia, au msichana wa hijabu, alisema, "Hiki cha dini," akakitia kwenye gunia. Akiona watoto wa kwaya wamejipanga, au mchungaji na Biblia yake, alisema, "Hiki hadithi," akakiweka rafuni. Vilivyochanika kati ya vile vya rafuni alivishona. Hakuwa na chuki hata chembe. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema kwa sababu hilo ndilo linalotisha zaidi.

Saa tisa alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. Kasuku akaazima kitabu kimoja chenye jalada la njano, uzi wake ukiwa bado mpya. Wakarudi nyumbani wamechoka na wameridhika.

Wiki iliyofuata, tumbo la Kasuku likaanza kusumbua. Jumapili jioni Muuguzi alimkaribisha chakula. Kasuku akasema tumbo linauma. Jumanne vilevile. Jumatano alisimama mlangoni pa Muuguzi, akatazama sahani, akarudi kwao bila kuaga.

"Tumbo gani hilo linalouma kwa jirani na kupona nyumbani?" baba yake aliuliza.

Kasuku akajishika tumbo. Mama yake akampa maji ya uvuguvugu, akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi alasiri Muuguzi alipiga hodi. Alikuwa bado na sare ya kazi. Alikaa kwenye kigoda, akawa anazungusha funguo mkononi.

"Jirani, nina swali. Usinijibu haraka."

"Uliza, mwenzangu. Kuuliza si ujinga."

"Jana Kimya ameniuliza kama sisi tumekatazwa maktaba."

Mama Vifungo akaacha kukanyaga pedeli. "Sisi nani?"

"Sisi Waislamu."

"Nani kamwambia maneno hayo?"

"Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anasoma kitabu pale shuleni. Msichana wa umri wake anafunga kwa mara ya kwanza, na siku hiyohiyo mbuzi wao anapotea. Unamjua mwanangu. Kwake kusoma na kumeza dawa ni kitu kimoja. Lakini hicho alikipenda mpaka akanisimulia. Kimya, jirani, alisema dakika kumi bila kupumzika. Alibakiza kurasa nane. Jumatatu amekwenda, hakipo. Akatafuta kingine cha namna hiyo, hakipo. Amemwuliza mwalimu, akaambiwa kamati imechambua."

Mama Vifungo alijua sasa mazungumzo yanakokwenda. "Nimetoa vya dini tu," alisema. "Ndilo agizo la mwalimu mkuu."

"Na vile vya kwaya? Na kile cha mchungaji na mafuriko?"

"Vile ni hadithi tu."

Muuguzi aliacha kuzungusha funguo. Hakupandisha sauti. "Ya kwetu ni dini, ya kwenu ni hadithi," alisema. Kisha akainuka. Mezani kulikuwa na sare ya shule ya Kimya, bado haijapigwa pindo. Akaikunja na kuitia kwapani. "Nitaimalizia mwenyewe."

"Wewe hujui hata kutunga uzi."

"Nitajifunza."

Akaondoka. Mama Vifungo alitazama kigoda kitupu. Katika miaka kumi na mmoja hawajawahi hata kununiana. Mshtuko ulipopungua kidogo, hasira ikaingia.

"Umesikia?" alimwambia mumewe. "Eti mimi ninabagua watu. Mimi, niliyemlea mtoto wake?"

Mumewe alikuwa akikaza nati. "Wahenga walisema nyani haoni kundule," alijibu bila kuinua uso.

"Unaniita nyani?"

"Mimi nimetaja methali tu. Aliyejitambua ni wewe." Akaweka spana chini. "Kesho anakuja yule mkutubi wa maktaba kuu kukagua. Mpelekee hiyo kesi. Mimi najua minyororo na matairi."

Mkutubi alikuja Ijumaa kwa pikipiki. Alikuwa dada mwembamba mwenye miwani minene. Kazi yake ni vitabu: kuvichagua, kuvipanga, na kuzifundisha shule namna ya kufanya hivyo. Mama Vifungo alimpokea maktabani, akamweleza kila kitu, akamalizia, "Sasa niambie, mwanangu, kosa langu liko wapi."

"Nipe hadithi moja uliyoiacha rafuni. Unayoipenda."

Mama Vifungo akatoa kile cha mchungaji na mafuriko. Alikuwa amekisoma mara nne.

"Nisomee kwa sauti, mama. Kila ukikuta sala, au wimbo wa kanisani, au jina la Mungu, weka kitu mezani. Una vijiti vya kiberiti?"

"Nina vifungo." Fundi hatembei bila vifungo. Alikuwa na lundo zima kwenye mfuko wa aproni.

Akasoma. Watoto wako juu ya paa, maji yanapanda, wanasali. Akaweka kifungo. Wanaimba wimbo wa Jumapili. Kifungo. Mchungaji anakuja na mtumbwi, anasema Yesu amewaona. Kifungo. Alipofika ukurasa wa kumi, vilikuwa vifungo kumi na saba. Mkutubi akafungua gunia, akatafuta kile cha msichana na mbuzi. Wakasoma kurasa kumi vilevile. Vikapatikana vifungo tisa.

Mama Vifungo alihesabu mafungu yale mawili. Akarudia kuhesabu. Vifungo havikubadilika idadi.

"Nimekisoma mara nne," alisema. "Mara nne, na sikuona hata sala moja."

"Mtu hasikii harufu ya nyumba yake, mama. Mgeni ndiye anayeisikia."

"Kwa hiyo hiki cha mafuriko nacho kitolewe?"

"La. Kizuri sana. Na cha mbuzi ni kizuri. Vyote ni hadithi. Watu wa kwenye hadithi wana nyumba zao, na ndani ya nyumba nyingine kuna sala. Hilo halikifanyi kitabu kuwa cha mafundisho. Kitabu cha mafundisho humwambia mtoto, fanya hivi, amini hivi. Hadithi humwambia, hebu tazama lililompata huyu."

Mkutubi akaingiza tena mkono kwenye gunia. Akatoa kitabu chenye mzee wa kanzu na kofia, kando yake mvulana ameshika mpira. "Na hiki?"

"Cha dini."

"Umekisoma?"

"Nimekiona."

"Mimi nimekisoma. Ni cha golikipa. Huyo ni babu yake amekuja kutazama mechi. Ndani yake hakuna sala hata moja, labda ile ya kuomba penalti ipite nje."

Mama Vifungo akainamisha gunia. Wakatoa vyote, kimoja kimoja. Vilikuwa ishirini na vitatu. Vitabu vya mafundisho kweli vilikuwa vinne tu. Vingine vyote vilikuwa hadithi.

"Hao ndio waliofungwa bila kosa," mkutubi alisema. "Sasa tuwaone walioingia bila kukaguliwa."

Akapita kwenye rafu polepole. Akachomoa kimoja chenye jalada la njano. Jalada lilikuwa zuri, watoto wa shule ya Jumapili wamevaa nadhifu. Mgongoni kulikuwa na uzi wa bluu. Mkutubi alifunua hapa na pale, kisha akasimama kwenye ukurasa wa thelathini na moja. Alimpa Mama Vifungo asome mwenyewe.

Alisoma kwa sauti. "'Usile chakula cha jirani asiye wa imani yetu,' mama akamwambia. 'Wale ni watu wa giza, na chakula chao kina giza.' Mtoto akatii, naye akabarikiwa."

Mama Vifungo akashusha kitabu. Alikumbuka Jumapili, Jumanne na Jumatano. Alifungua nyuma, kwenye karatasi ya waazimaji. Kulikuwa na jina moja tu, la binti yake, kwa ule mwandiko wake uliolala, na kando yake tarehe aliyokirudisha, Alhamisi.

"Mama, umekaa vibaya. Unaumwa?" mkutubi aliuliza.

"Nilikishona mimi. Mgongo nilishona mimi. Ndani sikusoma."

Mkutubi alimletea maji. Alisubiri anywe. Kisha akasema naye taratibu, na hakumsimanga hata kidogo.

"Wewe ni fundi. Ukimpima mteja mmoja kwa futi na mwingine kwa macho, itakuwaje?"

"Nguo ya pili itambana."

"Basi vitabu navyo vipimwe kwa futi moja. Je, kuna hadithi humu, au ni mahubiri yaliyovaa nguo ya hadithi? Je, imeandikwa vizuri? Inamfaa mtoto wa umri huu? Je, inamtukana mtu wa imani nyingine, au inamfundisha mtoto kumwogopa jirani? Maswali hayohayo kwa kitabu cha kwenu, cha kwao, na cha watu wasiokwenda kanisani wala msikitini. Nao wana watoto hapa."

"Na vikitoka vingi vya upande mmoja?"

"Hatugawi kwa mizani. Lakini ukiona upande fulani umetoka wote, jishuku. Mtoto akiingia hapa, ajikute kwenye kitabu kimoja, na amkute jirani yake kwenye kingine."

Mama Vifungo alifikiri kidogo. "Na kama mzazi hataki mwanawe asome hadithi za imani nyingine?"

"Ana haki hiyo kwa mwanawe. Amwambie mwalimu. Lakini hawezi kumchagulia mtoto wa mwenzake. Na jambo la mwisho, mama. Usichague tena peke yako. Hata mimi sichagui peke yangu. Na kila kitabu kinachokataliwa, sababu iandikwe, ili anayeuliza ajibiwe."

Mama Vifungo alirudi nyumbani. Alimwita Kasuku, akafunga mlango.

"Tumbo lako halikuuma," alisema.

Kasuku akainamisha kichwa. "Kitabu kilisema tusile."

"Mwanangu, umekula kwa mama yako mdogo tangu hujaota meno. Kwa nini hukuniuliza?"

"Kilikuwa na uzi wako, mama. Nikajua wewe umekikubali."

Mama Vifungo alikaa kitandani, akamvuta mtoto kando yake. Alikuwa na aibu, na hakuificha. Akamwambia kwamba kitabu kile kilisema uongo, na kwamba aliyekosea ni yeye mama, siyo Kasuku. Akamwambia pia kwamba kitabu kuwa rafuni si sababu ya kukiamini chote. Likikutatiza neno, uliza.

Kisha akaenda mkono wa kulia. Alimkuta Muuguzi mlangoni, sare ya Kimya mapajani. Pindo lilikuwa limepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili.

"Swali lako lilikuwa la haki," Mama Vifungo alisema akiwa bado amesimama. "Nimevitia vitabu vya mwanao kwenye gunia kwa kutazama nguo za jalada. Na nimeweka rafuni kitabu kinachowatukana. Kasuku alikisoma. Ndiyo maana hakula kwako."

Muuguzi aliacha sindano. Uso wake ulibadilika.

"Kinatutukanaje?" aliuliza.

Mama Vifungo akamwambia maneno yenyewe, bila kupunguza. Yalikuwa magumu kutamka mbele ya mtu aliyemlisha mwanawe.

Muuguzi alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nimeumia, siwezi kukudanganya. Lakini na mimi nikwambie kweli. Ningekaa mimi pale peke yangu na gunia, labda vya kwenu ndivyo vingeingia. Na nisingeona."

"Basi njoo kwenye kamati. Nikiteleza unione, ukiteleza nikuone."

"Nitakuja." Akamnyooshea ile sare. "Na hili pindo limenishinda."

Jumamosi iliyofuata kamati ilikutana tena. Safari hii hakuna aliyetuma udhuru, kwa sababu mwalimu mkuu alikwenda mwenyewe majumbani. Muuguzi alikuwepo. Alikuwepo pia baba mmoja asiyefuata dini yoyote, anayesema ibada yake ni usingizi wa mchana. Kila kitabu kilisomwa na watu wawili: mmoja wa imani ile, mmoja wa nje. Kazi haikwisha siku hiyo. Ilichukua Jumamosi tatu.

Siku ya pili, Muuguzi alitoa kitabu kimoja kati ya vile vya gunia, akakigonga mezani. "Hiki ni cha upande wangu," alisema. "Kinasema watoto wa kanisani ni waongo wa kuzaliwa. Andikeni, hakiingii, na sababu ni hiyo." Yule baba wa usingizi ndiye aliyeandika.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba kitabu cha njano kimeondolewa. Alisema kamati inaogopa watu. Mama Vifungo hakubishana naye. Alimpa ukurasa wa thelathini na moja, akamwomba awasomee wote. Mzazi alianza kwa sauti kubwa. Kabla hajafika mwisho, sauti ikawa ndogo. Alikiweka chini, akauliza kama kuna kazi anayoweza kusaidia. Wakampa gundi.

Sasa rafu za hadithi zimechanganyika. Msichana na mbuzi wake wapo karibu na mchungaji na mtumbwi wake, na golikipa kati yao. Vile vinne vya mafundisho vipo kwa mwalimu wa dini. Daftari la sababu linaning'inia mlangoni, anayetaka kulisoma analisoma. Kimya alimaliza kurasa zake nane siku ya kwanza, na mbuzi alipatikana. Kisha akaazima kile cha mafuriko, akamwuliza Mama Vifungo kwaya hupanga vipi sauti zake. Ilibidi Mama Vifungo aimbe.

Lakini Kasuku alikuwa na mzigo wake. Alikuwa amerudi kula kwa Muuguzi, ila hakuwa amesema kitu. Jumapili moja jioni, watoto wale wawili walikaa barazani na sahani ya mkate katikati. Mama Vifungo alikuwa akitia kifungo kwenye shati la mtu.

"Kimya," Kasuku alisema, "ile wiki sikuwa naumwa tumbo. Nilisoma kwenye kitabu kwamba chakula chenu ni kibaya. Nikakiamini. Nisamehe."

Kimya aliendelea kutafuna. Akameza.

"Nilijua huumwi," alisema. "Nilidhani ni mikono yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakupakulia. Nikawa nainawa kwa sabuni mara tatu kabla ya kukuita."

Sindano ya Mama Vifungo ilisimama hewani. Kasuku, ambaye hajawahi kukosa neno, alikosa. Alitazama mikono ya rafiki yake. Kisha akainua kiganja chake, akakiacha wazi mbele ya Kimya.

Kimya akamega mkate, akamwekea. Kasuku akaula wote.